Kadi ya brekdauni nitailipia tena, waranti inategemea gari

Nimelipia huduma mbili kwa magari mawili, Toyota IST ya toleo la kwanza na Nissan X-Trail T31. Moja ni kadi ya mwaka ya msaada wa barabarani. Nyingine ni waranti ya nyongeza, ile ambayo yadi inakuuzia siku unapochukua gari lililotoka Japani. Majina ya kampuni nayaacha, maana karatasi zao zinafanana kuliko wenyewe wanavyotaka tuamini. Kadi nitaendelea kuilipia. Waranti ya IST ni zawadi kwa muuzaji. Ya X-Trail inafaa, lakini kwa sababu ya kipengele kimoja ambacho wengi hukiruka.

Kadi huuzwa kwa maneno "saa 24, nchi nzima". Maneno hayo hayana kazi sana. Ulizia kilomita. Ngapi za bure kwa kila tukio, zinahesabiwa kuanzia wapi, na je, gari linapelekwa gereji iliyo karibu au unayotaka wewe? Mwenye gari la kuvuta huhesabu tangu anapotoka yadi mpaka anaporudi, wakati wewe unahesabu tangu gari lilipozimikia mpaka gereji. Hapo ndipo ugomvi wote ulipo. Chukua mfano wa gari lililozimika Mikumi, karibu kilomita 300 kutoka Dar. Kama kadi ina kilomita 50 za bure na unataka gari lirudi Dar, 250 zilizobaki ni zako, na wakihesabu za kwenda na kurudi ni zaidi ya mara mbili ya hizo. Ukikubali gari liishie Morogoro, deni linashuka sana. Kwa hiyo, kabla ya kulipia kadi, taka bei ya kila kilomita inayozidi iwe imeandikwa, na iandikwe kwamba wana gari la kuvuta, la kwao au la wakala, Morogoro, Dodoma na Iringa. Kampuni yenye magari Dar peke yake itakuja Mikumi, ila itakuja kesho, na kulala na gari katikati ya hifadhi si jambo la kujaribu.

Jambo la pili ni aina ya gari watakalokuletea, na hapa kuna hasara kubwa ambayo haionekani siku ileile. Kwenye gari la otomatiki au la CVT (otomatiki ya mkanda badala ya gia), pampu inayosukuma oili ya gia boksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na tairi zinazovuta zinaburuzwa barabarani, vyuma vya ndani vinazunguka vikavu. Kilomita chache kwa mwendo wa pole unaweza kupona. Kilomita 40 kwa spidi ya 60 zinatosha kuua gia boksi iliyokuwa nzima, kumbe tatizo la mwanzo lilikuwa pampu ya mafuta tu. IST inayoendeshwa na tairi mbili za mbele (2WD) huvutwa ikiwa imenyanyuliwa mbele, tairi za nyuma zikizunguka na hendibreki imeachiwa. X-Trail ya 4WD, inayoendeshwa na tairi zote nne, haivutwi namna hiyo kabisa: ibebwe nzima mgongoni mwa lori. Haibridi, yaani gari la injini na mota ya umeme kama Prius au Aqua, nayo ibebwe nzima, au angalau tairi za mbele zisiguse chini, kwa sababu tairi hizo zikizunguka zinazungusha mota, na mota ikizungushwa inazalisha umeme hata kama gari limezimwa.

Kwa hiyo ukipiga simu usiseme tu "gari limezima". Sema aina na toleo, ni 2WD au 4WD, ni otomatiki, CVT au manyuali, kama usukani unazunguka, kama kuna tairi iliyokwama, na namba ya jiwe la kilomita lililo karibu. Kama liva ya gia imeganda kwenye P kwa sababu betri imekufa, mwambie fundi kwamba kwenye Toyota nyingi pembeni ya liva kuna kitundu au kifuniko kidogo: unabonyeza ndani kwa bisibisi huku umekanyaga breki, liva inatoka. Anayekuja bila kujua hilo ataliburuza gari hivyohivyo.

Magari ya Japani yana kasoro yake nyingine. Vifaa vya buti hupotea njiani, na miongoni mwake ni ile ndoano ya kuvutia inayofungwa kwa kuzungushwa kwenye tundu la bampa. Fungua buti leo uangalie kama ipo. Vile vishikio vyembamba vilivyo chini ya bampa ni vya kufungia gari lisitikisike melini, havikuwekwa kwa ajili ya kuvutia, na vikivutwa kwa nguvu vinapinda au kung'oka. Angalia pia spana ya tairi: Toyota hutumia namba 21, Honda 19, na ukikuta iliyomo humo ni ya gari jingine usishangae. Pembetatu ziwe mbili. Matawi ya miti ambayo madereva wa malori huyatandaza barabarani yanasaidia, kwa kweli, lakini trafiki hatayahesabu kuwa pembetatu.

Huduma ndogo za kadi, yaani kubusti betri (kuwasha gari kwa betri ya jingine), kubadilisha tairi, kuletewa mafuta na kufungua mlango uliofungia ufunguo ndani, ndizo zinazorudisha hela yako ukiwa mtu wa mjini. Ila fundi akishabusti, mwambie apime kabla hajaondoka. Betri iliyotulia na kujaa husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 iko kama nusu. Injini ikiwa inaunguruma isome kati ya 13.8 na 14.7. Ikibaki 12 na kitu, betri haina kosa, alteneta ndiyo haichaji, na utasimama tena kabla ya kufika. Kama unabusti mwenyewe, mpangilio ni huu: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima, mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, kwa sababu cheche ya mwisho hutokea hapo na betri hutoa gesi inayowaka. Haibridi usiitumie kubusti gari la mwenzako.

Sasa waranti.

Kwanza tofauti ambayo yadi nyingi haziielezi: bima kubwa hailipi ubovu wa injini wala wa umeme. Inalipa ajali, wizi na moto, na mara nyingi kuvutwa baada ya ajali tu, kwa kiwango kilichowekwa. Waranti ya nyongeza ndiyo inayodai kulipa ubovu. Basi uliza nani hasa analipa. Kama kuna kampuni ya bima nyuma yake, jina liwe kwenye karatasi na uthibitishe kwamba imesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Kama anayelipa ni yadi yenyewe, ujue waranti yako itaishi kadiri yadi hiyo itakavyoishi.

Kwa IST hesabu haitoki. Injini za 2NZ na 1NZ zinatumia cheni, si mkanda, na gia boksi ya toleo la kwanza ni otomatiki ya kawaida ya gia nne. Ikipewa oili kwa wakati ni vigumu kuiua. Vinavyokufa kwenye gari hili ni koili za plagi, mauntingi za injini, bushi, shokapu, pampu ya maji na mpira wa kifuniko cha juu cha injini unaovuja. Sasa soma orodha ya vilivyoondolewa: "vifaa vinavyochakaa kwa matumizi ya kawaida, mipira, bushi, mauntingi, plagi na koili." Unalipia visivyokufa, vinavyokufa wamevitoa. Tuseme waranti ya mwaka ni shilingi 800,000. Zungukia maduka ya spea ya Gerezani au Ilala, Dar, uulize bei ya gia boksi ya mtumba ya IST, ongeza ufundi na oili, kisha ujiulize itaharibika kila baada ya miaka mingapi. Hela hiyo iweke pembeni.

Toleo la pili la IST ni habari tofauti kidogo, kwa sababu la injini ya lita 1.5 la 2WD lina CVT. Na CVT ndiyo inayonipeleka kwenye X-Trail.

Gia boksi ya CVT ya T31 haina gia za kawaida, ina mkanda wa chuma unaobanwa katikati ya puli mbili. Kinachozuia mkanda usiteleze ni oili maalumu, NS-2. Fundi akimwaga oili ya kawaida ya otomatiki humo, gari litatembea, siku ya kwanza hata utasema amekuokolea hela. Baadaye linaanza kutetemeka likianza kuondoka, kisha kupiga mluzi unaopanda na spidi. Ikipata joto sana, kompyuta inapunguza nguvu kwa makusudi ili kujilinda. Mpando wa Kitonga, Iringa, ukiwa na watu watano na mizigo utakuonyesha. Ukitengeneza CVT unaingia gharama ambayo hailingani na kitu kingine chochote kwenye gari hilo, isipokuwa injini. Hapa waranti ina kazi. Hivyohivyo kwa betri kubwa ya haibridi, turbo, na gia boksi za klachi mbili za Volkswagen.

Kipengele chenyewe ni hiki: nani analipa kuifungua? Ili ijulikane kwa nini gia boksi imekufa, lazima ishushwe na kufunguliwa. Karatasi nyingi zinasema idhini itatolewa "baada ya chanzo kuthibitishwa". Maana yake mwenye gari ndiye anaagiza ifunguliwe. Chanzo kikionekana ni "kuchakaa", ufundi wa kufungua ni wako, wa kufunga ni wako, na gari liko gereji limelala chini. Watu wengi wakifika hapo wanaogopa na kuacha dai. Taka iandikwe kwamba kifaa kikiwa kwenye orodha, gharama ya kufungua ni ya mtoa waranti, na kwamba neno "kuchakaa" lipimwe kwa vipimo vya mtengenezaji, lisiachiwe jicho la mkaguzi.

Kipengele cha pili ni "kifaa chenye thamani inayolingana". Hicho ni kifaa cha mtumba. Sipingi, gia boksi nzuri ya mtumba kutoka Japani inatembea miaka. Uliza tu waranti ya hicho cha mtumba ni miezi mingapi, na kama oili inayoingia ndani imo kwenye malipo au utanunua mwenyewe.

Dai hukataliwa kwa sababu zilezile. Risiti za sevisi ndizo za kwanza. Fundi wa chini ya mwembe anaweza kuwa hodari kuliko wa gereji yenye vioo, lakini hana risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Njia yangu: nanunua oili na chujio dukani kwa risiti ya EFD, nyuma yake naandika kilomita na namba ya chesesi, napiga picha ya risiti mara hiyohiyo, kwa sababu wino wake unafutika, na picha ya dashibodi siku hiyo. Imekubaliwa. Uliza kama na kwako inakubaliwa, na jibu liwe kwa maandishi.

Kilomita nazo zina mtego. Cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje huonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Dashibodi ikisoma pungufu ya cheti, mtu amezirudisha nyuma, na mkaguzi akilinganisha karatasi hizo mbili waranti imekufa hata kama aliyerudisha si wewe. Linganisha siku ya kununua.

Kisha joto. Magari mengi madogo ya Toyota hayana geji ya joto, yana taa tu: bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikichemka. Nyekundu ikiwaka simama palepale, zima, usifungue mfuniko wa rejeta. Ukiendelea kilomita mbili "kufika kituoni", hedi (kichwa cha injini) inapinda, na waranti haifuniki hasara iliyoongezwa na dereva. Na yule fundi anayesema thamostati, kile kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, haina kazi nchi za joto, mwache aitoe kwenye gari lake. Injini inabaki chini ya joto lake la kazi, inakula mafuta, kompyuta inaandika namba ya hitilafu P0128, na mkaguzi akiisoma ana sababu yake mkononi. Maji ya bomba badala ya kulanti yanamuachia kutu ndani ya rejeta, ushahidi mwingine.

Ukidai, usiruhusu mtu afungue nati hata moja kabla ya namba ya idhini. Soma namba za hitilafu kwa mashine na upige picha ya skrini kabla fundi hajazifuta, rekodi sauti au mtetemo kwa video, chukua oili kidogo kwenye chupa safi. Kwenye X-Trail, chupa ile ndiyo inayoonyesha kwamba ndani kulikuwa na NS-2.

Waranti ya IST sikuongeza. Ya X-Trail nimeongeza mwaka mmoja, na mstari unaosema nani analipa kufungua gia boksi umeandikwa kwa kalamu pembeni ya ukurasa wa tatu, na muhuri wao juu yake, maana kwenye karatasi iliyochapwa haukuwemo.