Kabla hujanunua picha ya Shakespeare, tazama chini kwanza

Mwezi wa tatu nilitoa shilingi elfu tisini kununua picha ya Shakespeare ya kutundika kwenye kona ya vitabu darasani. Ni ile ya kipara na kola pana kama sinia, mnaijua. Fremu nyeusi, kioo safi, na muuzaji akailetea bodaboda hadi getini. Nikaitundika juu ya rafu, pembeni ya nakala yangu chakavu ya Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere, nikajipongeza. Siku ya pili binti mmoja wa kidato cha tano akauliza, "Madam, hii kachora nani?" Nikainuka kwa madaha nimwoneshe jina, maana najua linakaa chini upande wa kushoto.

Halipo. Picha imekatwa pale pale kifua kinapoishia. Jina la mchongaji limekwenda na mkasi.

Nikampigia muuzaji. Akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, si uso unaonekana lakini?"

Nilipolalamika hapa, sanduku langu likafurika. Mwalimu mmoja wa Mwanza alinunua picha ya akina Brontë, wale dada watatu waandishi wa Uingereza, akapata dada wawili na nusu. Msomaji mwingine, yuko Muscat, aliuziwa "Alice halisi wa 1865" (yule msichana wa kitabu cha Lewis Carroll) mwenye gauni la buluu, na wa 1865 hakuwa na rangi hata moja. Basi nimeandika mwongozo. Sitazungumzia rangi ya fremu wala ukubwa wa ukuta, hayo mtu mzima unayajua. Nitazungumzia kitu kimoja ambacho hakuna muuzaji anayekitaja: pambizo ya chini.

Katika chapa za zamani za Uingereza, yaani picha zilizopigwa kutoka bamba lililochongwa, pambizo ya chini ndiyo cheti cha kuzaliwa cha picha. Kushoto hukaa jina la aliyechora, likifuatwa na "del." au "pinx." Kulia hukaa jina la aliyechonga bamba, likifuatwa na "sculp." Katikati unakuta mchapishaji, mtaa wake na tarehe. Tarehe haikuwekwa kwa urembo. Sheria ya 1735, ambayo mchoraji William Hogarth aliipigania hadi watu wakaibatiza jina lake, iliwalinda wachongaji dhidi ya wezi wa kazi zao kwa miaka 14, na ilitaka bamba lichongwe tarehe ya kutolewa na jina la mwenye mali. Juu ya hayo kuna mfinyo. Bamba la shaba likibanwa kwa nguvu kwenye karatasi yenye unyevu, linaacha alama ya kubonyea pande zote nne. Pitisha kidole, utausikia. Anayekata pambizo anakata vyote hivyo, na kwa uzoefu wangu mkataji ni mvivu au anaficha kitu.

Uvivu unatokana na fremu za tayari. Fremu ya A3 urefu wake ni mara 1.41 ya upana. Picha ya akina Brontë ina urefu wa sentimita 90.2 na upana wa 74.6, yaani mara 1.21 tu. Ukitaka ijae A3 bila nafasi nyeupe, lazima unyoe karibu sentimita 11 za upana wa ile turubai. Sasa wale ni watu watatu wamebanana. Sentimita 11 ni bega la mtu! Ndiyo maana mwalimu wetu wa Mwanza alipata dada wawili na nusu. Hakuna aliyemwonea, ni hesabu tu ambayo muuzaji hakuipiga.

Haya, tupange.

Namba moja, na sifichi upendeleo wangu, ni chapa zinazouzwa na National Portrait Gallery ya London yenyewe, jumba la picha za watu mashuhuri. Nimepata tatu kupitia binamu yangu aliyepita pale baada ya jumba kufunguliwa upya mwaka 2023 (kuingia ni bure, kwa hiyo hana kisingizio cha kutonipitia duka). Zote tatu zilikuja nzima, ukingo kwa ukingo, na nafasi nyeupe imeachwa kuzunguka picha kama mtu mwenye adabu anavyofanya.

Anza na akina Brontë. Aliyeichora ni kaka yao Branwell, mnamo 1834. Kushoto Anne, katikati Emily, kulia Charlotte, na kati ya Emily na Charlotte kuna kitu kama nguzo ya rangi ya udongo. Nguzo hiyo ni Branwell mwenyewe, alijichora kisha akajifuta. Turubai ilikaa miaka mingi imekunjwa juu ya kabati nyumbani kwa mume wa Charlotte huko Ireland, ikaonekana 1914. Mikunjo bado inasomeka kama ya kanga iliyotoka sandukuni. Wauzaji wa mtandaoni wanaifuta kwa kompyuta "ipendeze", na wengine wanaikata nguzo. Picha ya akina Brontë isiyo na mikunjo wala nguzo mimi siichukui hata kwa zawadi.

Ya pili hapo hapo ni Shakespeare wa Chandos (jina la mmiliki wa zamani wa picha), yule wa hereni ya dhahabu. Ndiyo picha ya kwanza kabisa jumba hilo kuipokea lilipoanzishwa 1856, na kwenye orodha yao ni namba 1. Inadhaniwa kazi ya John Taylor. Tazama kitu kimoja: mtu amewekwa ndani ya umbo la yai lililochorwa. Nakala zilizonyolewa zinakula pembe za yai hilo, halafu unashangaa kwa nini bwana mkubwa anaonekana kama amepigwa pasipoti.

Ya tatu ni Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, na hapa wengi wanaibiwa mchana kweupe. Picha ya uso wake iliyochorwa akiwa hai na isiyogombaniwa ni ile ya dada yake Cassandra, ya mnamo 1810. Ni ndogo, haifiki urefu wa sentimita 12. Uso una rangi kidogo, mwili ni penseli tupu, mikono imekunjwa kifuani, na uso umenuna kama wa shangazi aliyesubirishwa foleni. Ndugu zake wa baadaye hawakuupenda. Mwaka 1869 akatafutwa mchoraji, James Andrews, alainishe mashavu na kuongeza macho, na kutokana na kazi yake ikachongwa chapa ya kitabu cha kumbukumbu zake chenye mwaka 1870. Huyo mrembo mpole ndiye aliyewekwa kwenye noti ya pauni 10 mwaka 2017, miaka 200 baada ya kifo cha mwenyewe. Muuzaji akikuambia "Jane Austen halisi" na unaona bibie anatabasamu kwa mbali, huyo ni wa 1869. Nunua aliyenuna. Na hakikisha mikono iliyokunjwa ipo, maana ndiyo huliwa kwanza wakitaka uso ujae.

Namba mbili ni yule niliyeharibiwa mimi, kipara na kola. Amechongwa na Martin Droeshout kwa ajili ya mkusanyo mkubwa wa tamthilia wa 1623, miaka saba baada ya Shakespeare kufariki. Usinunue kichwa peke yake. Nunua nakala ya ukurasa mzima: jina la kitabu juu, picha katikati, sahihi ya "Martin Droeshout sculpsit London" chini yake, na mwisho kabisa majina ya wachapaji, Jaggard na Blount, pamoja na mwaka. Mstari huo wa mwisho una kazi. Bamba lile lile lilitumika tena katika matoleo ya 1632, 1663 na 1685, likizidi kuchakaa na kutiwa viraka. Kwa hiyo ukiona 1632 kwenye picha uliyouziwa kama "ya kwanza", mrudishie mwenyewe. Ukikuta duka linalouza pia ukurasa wa pili yake, wenye shairi la Ben Jonson linalomwambia msomaji aitazame si picha bali kitabu, chukua zote mbili, zitundike zitazamane. Wanafunzi wangu wanacheka kila wakilisoma, shairi lenyewe linakukataza kununua ulichonunua.

Namba tatu ni kwa mwenye hamu ya kitu cha kale kweli: chapa za vitabu vya Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza. Hizi si nakala. Ni kurasa zilizotoka kwenye vitabu vya karne ya 19, na kwa sababu Dickens aliuza sana, zipo nyingi na bei yake si ya kutisha. Mchoraji wa kutafuta ni Hablot Knight Browne, aliyejiita Phiz ili aendane na Boz, jina la utani la Dickens. Alipata kazi kwa msiba. Mchoraji wa kwanza wa Pickwick, riwaya ya Dickens, Robert Seymour, alijiua Aprili 1836, aliyemfuata hakudumu, ndipo kijana Browne akaitwa, na chapa zake za mwanzo akazitia sahihi ya "Nemo", yaani "hakuna mtu". Alikuwa akikwaruza kwa sindano juu ya nta iliyopakwa kwenye bamba la chuma, kisha asidi inakula mistari. Ukiweka lenzi, mstari wake umekatika wima na safi. Ukiona nukta nukta kama za gazeti, hiyo ni nakala ya mashine, hata ikiwa imepakwa chai ionekane kuukuu.

Sahihi ya Phiz kwa kawaida iko chini kabisa, pembeni, ndogo kama kichwa cha sisimizi, na chini yake kichwa cha tukio. Ninajua chapa za awali kabisa za Pickwick zilitoka bila vichwa hivyo, kwa hiyo msinirushie mawe, hizo ndizo pekee ninazozisamehe. Madoa ya kahawia ni kawaida, ni unyevu na karatasi yenyewe, na kwa sisi wa pwani yataongezeka usipoacha nafasi kati ya karatasi na kioo.

Hapa nina dukuduku. Wapo wanaonunua kitabu kizima cha Dickens, wanakichanachana na kuuza kurasa moja moja, na kila ukurasa unaletwa kwako kwa bei inayokaribia ya kitabu. Halafu nauli ya posta ni kubwa kuliko picha. Halafu mzigo unafika, unadaiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na thamani anayokadiria mtu wa kaunta haina uhusiano na risiti uliyoshika mkononi. Mimi chapa yangu moja ya Phiz ilikaa ghalani wiki sita. Nilipoenda kuichukua niliulizwa kama ni hati ya kiwanja.

Namba nne ni Alice wa John Tenniel. Michoro 42, yote nyeusi na nyeupe, ilichongwa kwenye mbao na ndugu Dalziel. Kwa hiyo tafuta alama mbili pembeni chini: herufi za Tenniel zilizosukwa pamoja, na jina Dalziel. Toleo la 1865 liliondolewa sokoni kwa sababu Tenniel mwenyewe hakuridhika na uchapaji, kwa hiyo fundi huyu angekuwa upande wangu kwenye ugomvi huu. Rangi zilikuja rasmi 1890 katika kitabu cha watoto wadogo, na gauni lilikuwa la manjano. Tahadhari na yule paka wa mtini anayecheka: mchoro wake haukuwa na pande nne, mti ulishuka pembeni mwa maneno ya ukurasa. Anayekuuzia paka ndani ya mraba amekata mti.

Chapa kubwa za John Boydell, aliyefungua jumba la picha za Shakespeare pale Pall Mall mwaka 1789 na kuishia kuliuza kwa bahati nasibu, ni za mwenye ukuta na mwenye fedha. Kumbuka tu kwamba mabamba yake yalivuka hadi Marekani yakachapwa tena 1852 yakiwa yamechoka, kwa hiyo tafuta anwani ya Pall Mall na tarehe pale chini, bila hivyo usitoe hela. Ofelia wa mchoraji Millais, yule binti wa tamthilia ya Hamlet anayeelea mtoni, pembe zake za juu ni za mviringo. Kama zako zimenyooka, umekatiwa.

Za bei rahisi? Pakua picha kutoka maktaba ya Folger ya Washington, wana nakala 82 za kile kitabu cha 1623 na picha zao ziko mtandaoni, kachapishe kwenye duka la steshenari, kwa karatasi isiyong'aa. Zile za turubai zilizovutwa kwenye mbao za pembeni siziorodheshi, maana huko pambizo imekunjwa nyuma na kupigiliwa misumari.

Kisha kuna fundi fremu. Ile chapa yangu ya Phiz iliyokaa ghalani wiki sita ilifika nzima, na kichwa chake na sahihi yake. Nikaipeleka kwa fundi, nikamwachia, nikaenda sokoni. Niliporudi ilikuwa imeshaingia kwenye fremu ya A4, imekaa sawasawa kabisa, na sakafuni kulikuwa na kipande chembamba cha karatasi ya zamani chenye neno "Phiz". Nimekibandika nyuma ya fremu kwa gundi ya unga. Siku hizi nikienda kwa fundi nabeba kiti changu.