TAHADHARI: Tapeli wa nyumba za Barbados anazunguka kwenye magrupu ya Wabongo wa nje

Habari zenu wakuu. Naandika hii nikiwa na hasira bado ila ngoja niandike tu, manake wiki ilopita nimeona tangazo lake tena kwenye grupu lingine la WhatsApp la Wabongo wa Kanada, picha zilezile, bei ileile, jina tu ndo kabadilisha. Hilo jina silitaji kwa sababu halitawasaidia, anabadilisha majina kama laini za simu.

Huyu bwana anaandika Kiswahili safi cha nyumbani, "shikamoo dada" mwanzo mwisho, anajitambulisha kuwa ni Mbongo anayeishi Barbados, kile kisiwa cha Karibiani, mwaka wa nane sasa na anasaidia wenzake wanaotaka kukimbia baridi wakakae kisiwani miezi kadhaa na kazi zao za laptop. Anauza vitu viwili, kibali na nyumba.

Kwenye kibali mimi hakunipata. Barbados tangu 2020 wana kibali kinaitwa Welcome Stamp, unakaa mpaka miezi 12 unafanya kazi ya mwajiri wako wa nje, wanataka uwe na kipato cha dola 50,000 za Marekani kwa mwaka na bima ya afya, ada ni dola 2,000 kwa mtu mmoja au 3,000 kwa familia. Unaomba mwenyewe kwenye tovuti ya serikali yao na ada unalipa wakishakukubalia, sio kabla. Yeye alitaka nimtumie 2,000 mapema alafu na 300 juu "ya kumchangamsha ofisa". Nikamwambia asante nitajaza mwenyewe, nikajaza, nikapata, nikajiona mjanja kweli kweli. Kumbe na yeye alikuwa ananisoma, akaona huyu dada mbishi kwenye makaratasi, ngoja tumpeleke kwenye nyumba.

Nyumba yenyewe chumba na sebule, iko Bathsheba, baraza linatazama bahari, dola 950 za Marekani kwa mwezi umeme humohumo. Wanaojua bei za kule kuanzia Desemba mpaka Aprili, msimu wa watalii, watanicheka hapa, sawa, chekeni. Picha ilonimaliza ni ile ya barazani, viti viwili vya mwanzi, glasi mezani, na jua linazama baharini rangi ya chungwa lote. Niliiweka mpaka kwenye kioo cha simu yangu jamani, niko Toronto nakwangua barafu kwenye gari naangalia ile picha najipa moyo.

Sasa sikilizeni. Bathsheba iko pwani ya mashariki, inatazama Atlantiki. Pale jua haliwezi kuzama baharini hata ulipe hongo, pale linachomoza. Na mimi ni mtoto wa Kigamboni! Nimekua naona jua linatoka baharini asubuhi na jioni linazamia upande wa mjini, na bado nikalipa. Mdogo wangu nilipomuonyesha baadae ndo akaona na kingine, soketi za jikoni kwenye picha ni zile kubwa za Kiingereza kama za Bongo, wakati Barbados wanatumia za Kimarekani kama hukuhuku Kanada. Yaani hata nchi ya hizo picha za ndani sio yenyewe.

Nilimuomba video call mara tatu. Mara ya kwanza netwok mbovu, ya pili yuko msibani, ya tatu akanitumia kivideo cha sekunde kama kumi na tano kinaonyesha minazi na upepo, ndani hakuingii. Alafu akaanza kunikimbiza, kuna Wakenya wawili wanaitaka leoleo, "dada nakushikia kwa sababu wewe ni wa nyumbani". Hapo ndo nikatuma, kodi ya mwezi mmoja na dipoziti, dola 1,900 za Marekani, kama 2,600 za Kanada, kwa e-Transfer, ile ya kutumiana pesa kibenki hapa Kanada. Na akaunti iko Kanada, jina la mwanamke, eti ni shemeji yake anapokea pesa ili kukwepa makato. Mtu anaishi Barbados miaka minane pesa ya nyumba inaingia Kanada, na mimi nikaona ni akili!

Kufika airport Januari mchana, anwani alonipa ndo nilojaza kwenye fomu ya uhamiaji, nikachukua teksi. Dereva akasoma anwani akaguna, hakusema kitu, tukashuka ule mlima wa St. Joseph mpaka chini baharini, mawimbi kama nyumba. Nyumba ipo kweli, rangi ya bluu kama ya kwenye picha. Ila barazani kakaa bibi mmoja na beseni mapajani anapukuchua mbaazi. Mbaazi zetu hizihizi mbichi, wao wanapikia wali. Nikamuonyesha simu, akavaa miwani, akaangalia picha ya nje akasema hii yangu, akaja ya ndani akacheka akasema hii siijui. Mimi nilikuwa mtu wa pili kwenda pale tangu Krismasi. Nilikaa chini nikalia, wala sioni aibu kusema. Bibi akanipa bakuli nimsaidie mbaazi wakati dereva anapiga simu kunitafutia gesti, na ndo nilivyolala mji wa Oistins usiku ule.

Benki yangu imesema pesa nilituma mwenyewe kwa hiari na ilishapokelewa, hawawezi kuirudisha. Nimeripoti polisi Toronto, nimepewa namba ya kesi, mpaka leo kimya.

Nilivyopata nyumba ya kweli ni hivi, nilikaa gesti siku tisa, nikawa natembea na vile vihaisi vyao wanaita ZR, muziki mpaka kioo kinatetemeka, nauli dola tatu na nusu za kwao, nashuka naulizia madukani na kanisani. Nikapata nyumba sehemu inaitwa Silver Sands, nikaingia nikafungua bomba, nikapima intaneti, ndo nikatoa pesa tukaandikishana. Bei ilikuwa kubwa kuliko ya tapeli ila nyumba unaigusa. Na mkitajiwa bei ulizeni dola ipi, maana dola moja ya Marekani ni mbili za Barbados kila siku, haipandi haishuki, kuna watu wananyamaza makusudi ulipe mara mbili. Teksi nazo hazina mita, kubalianeni kabla hujapakia begi.

Najua kuna mtu atasema mbona hukutumia zile app kubwa za kupangisha. Niliangalia, kwa miezi sita ilikuwa inanitoa roho, na ukweli ni kwamba nilimuamini kwa sababu alinisalimia Kiswahili. Mzungu angeniandikia vilevile ningemblock siku ya kwanza.

Kama umeshamtumia pesa na haijapita siku, piga benki sasa hivi, usimalizie hata kusoma. Kama yuko kwenye grupu lako mwambie admini amtoe, na skrinishoti zake nitumieni inbox naziunganisha kwenye ile namba ya kesi. Ile picha ya viti viwili vya mwanzi na jua linazama, ukiiona popote, hata waandike Zanzibar, ndo huyohuyo.