Nivolumab kwa doa jeupe la kinywani: nyota tatu

Dripu ya nivolumab, dawa ya saratani, miligramu 480 kila siku 28, mara nne. Ndivyo ilivyojaribiwa Marekani kwa watu 33 wenye lukoplakia ya hatari, yaani doa jeupe la kinywani linaloweza kugeuka saratani. Kwa 12 doa lilipata nafuu, ila wengine saratani iliwapata hata hivyo. Dawa huzifungulia seli za kinga zishambulie, na zikikosea shabaha huvamia tezi ya shingo, utumbo au ngozi. Hapo ndipo nyota mbili zinapopotea.

Kwa Dar, kwanza futa doa kwa shashi. Lisipotoka na likavuka wiki mbili, nenda kitengo cha kinywa Muhimbili, wakate kinyama wakipime. Na mla tambuu wa Kariakoo asiyeacha ugoro? Anatia maji kwenye pakacha.