Uzoefu wangu: kuhamisha santuri na kaseti za Mbaraka Mwinshehe hapa Mwanza

Wenye santuri na kaseti za zamani chini ya kitanda, someni hapa kabla hamjampa mtu kazi ya kuzihamishia kwenye flashi. Mimi nilizipeleka kwa fundi redio mmoja maeneo ya Makoroboi. Nimeridhika, na nitamrudia, ingawa yapo mambo aliyonikera nayo.

Mzigo wenyewe ni wa marehemu baba mdogo, aliyefanya kazi kwenye meli za Ziwa Victoria enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza. Meli ikitia nanga Kisumu, yeye alikwenda moja kwa moja kutafuta santuri. Santuri za bendi zetu zilikuwa zikitoka Nairobi, kwa hiyo mtu wa melini alizipata mapema kuliko wengi wa Mwanza. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na mpaka na Kenya ukafungwa. Ukipekua maboksi yake unaona kabisa santuri zinaishia hapo. Zinazofuata ni kaseti peke yake.

Bei: kaseti moja pande zote mbili shilingi 5,000, santuri ndogo 3,000, LP, yaani santuri kubwa, 7,000. Flashi uje nayo mwenyewe. Wapo watakaosema ni ghali, maana vijana wa mtaani wanakujazia simu nyimbo za zilipendwa kwa hela ya soda. Kwa Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wetu wa dansi, nawaomba msikubali hizo za mtaani, na sababu ninayo.

Santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja unabeba dakika tatu au nne hivi. Wimbo wa dansi wa wakati ule haukutosha humo. Basi waliukata: upande A una mashairi, upande B una chemko, yaani sehemu ya kuchezea. Nyingi ya zile zinazozunguka kwenye simu ni upande A peke yake, wimbo unakatika pale pale magitaa yanapoanza kupandisha. Mwimbaji mwingine labda utasema nimepata nilichotaka. Mbaraka hapana. Yeye alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa la solo, yote mtu mmoja. Upande A anakueleza jambo lake kwa sauti tulivu, bila papara. Upande B maneno yanapungua, solo linatangulia, saksafoni zinaitikia, na yale aliyoyaimba mwanzoni yanaingia mwilini. Kumsikia nusu ni kumsikia mtu mwingine kabisa. Fundi huyu alirekodi kila upande, kisha akaziunganisha pande mbili ziende mfululizo, na zile pande mbili zenyewe akaniachia pembeni kama zilivyo. Hilo tu lingenitosha kumlipa.

La pili ni spidi. Mashine nyingi za kaseti mikanda yake imelegea na sauti inazama, au mota inakimbia na sauti ya Mbaraka inatoka nyembamba kama ya mtoto. Fundi wetu anapima mota kwanza kabla ya kurekodi chochote. Nilianza kusikiliza na Shida, kwa sababu ndio wimbo wake unaopigwa kila mahali, na nilikuwa sijawahi kuusikia umetulia vile. Niliurudia nikiwa nimesimama pale pale dukani, bodaboda wananipigia honi mlangoni, sijali.

Sasa kuhusu huyu mtu mwenyewe, maana huduma hii inanihusu kwa sababu yake. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa Juni 1944. Alijulikana akiwa na Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo ya mwaka 1970. Mwaka 1973 akaanzisha yake, Super Volcano. Januari 1979 ajali ya gari ikamuua Mombasa. Umri wake ulikuwa miaka 34. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, naye wa Morogoro, alikuwa amekufa mwaka 1965, naye kwa ajali ya gari. Mji mmoja, watunzi wawili wa kiwango kile, barabara ikawachukua wote. Kila nikifikiri Mbaraka angetunga nini akiwa na miaka 40 au 50 naumia kweli, na ndiyo maana siwezi kuvumilia kazi yake ikichezewa. Hakuna mpya itakayokuja. Tulicho nacho ndicho hiki, kwenye plastiki inayopinda kwa joto na utepe unaoshika ukungu kwa unyevu wa huku ziwani.

Kaseti za baba mdogo nyingi ni za mfululizo wa Ukumbusho, uliotolewa na Polygram ya Nairobi. Ndizo zilizomfikisha Mbaraka kwa sisi tuliokuwa wadogo alipofariki. Na bado anafika. Binti ya mdogo wangu alikuwa anasikiliza flashi hiyo sebuleni akaniuliza, "Baba mkubwa, huyu Dr. Kleruu anayeimbwa ni nani?" Nikamweleza habari za mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa siku ya Krismasi mwaka 1971, na mashamba ya Isimani, na ujamaa ulivyokuwa unasukumwa wakati ule. Shuleni alikuwa hajalisikia jina hilo. Tulikaa mpaka chakula kikapoa.

Yaliyonikera. Mara ya kwanza fundi alipitisha programu ya kuondoa mikwaruzo, nayo ikaondoa na manyanga na matoazi. Muziki ukawa kama unapigwa nyuma ya godoro. Nilimwambia, akarudia bila kuongeza bei, lakini ilibidi mimi niseme. Ombeni mapema awape ya asili isiyosafishwa. Mikwaruzo kidogo haijawahi kumuudhi mpenda dansi. Pia alichelewa kuliko alivyoahidi, umeme ukiwa sehemu ya sababu lakini si yote. Na mafaili aliyapa namba tu bila majina, tena wimbo mmoja wa Marijani Rajab, mwanamuziki mwingine wa dansi aliyetutoka mapema, mwaka 1995, ukajikuta kwenye folda ya Mbaraka. Kumtambua mtu kwa sauti si tatizo, ila mjukuu atakayeikuta flashi hiyo baadaye atajuaje? Andikeni orodha kwa mkono, jina la wimbo na jina la bendi kama lilivyo kwenye lebo, mumpe pamoja na mzigo. Morogoro Jazz iandikwe Morogoro Jazz, Super Volcano iandikwe Super Volcano. Lebo zikishabanduka hakuna wa kukusaidia.

Mtu anayetoka ng'ambo ya Kamanga au visiwani, santuri zibebwe zimesimama, si kulazwa, na zisikae juani kwenye kivuko. Kaseti yenye ukungu usiijaribu kwanza nyumbani, itachafua mashine na utepe unaweza kukatika. Mpelekee fundi kama ilivyo. Ana spiriti na pamba, anaisafisha utepe wote kwa mkono. Kwangu aliokoa zote isipokuwa moja, na hiyo moja hakunitoza.