Taa ya Pikipiki: Kabla Hujauliza Wati, Uliza K

Nimemeza wadudu. Nianze na hilo, maana ndilo lililoniketisha kuandika.

Ilikuwa usiku, natoka gulioni Kayenze, hapa Mwanza, na furushi la vitenge nyuma, siku ya pili tu tangu nifunge balbu mpya ya LED niliyouziwa sh 35,000 mjini. Muuzaji aliiwasha palepale kaunta. Ikamwaga mwanga mweupe wenye bluu kwa mbali, ukamulika hadi chupa za oili za rafu ya mwisho. Nikalipa bila kuomba hata punguzo, jambo ambalo si kawaida yangu.

Nilipokaribia Igombe, kando ya Ziwa Victoria, mwanga wa mbele ukageuka ukuta. Si ukungu. Ni wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi wa moto wa mbali. Walijaa kwenye taa, shingoni, ndani ya helmeti niliyokuwa nimeiacha wazi kioo. Nikasimama, nikatema, nikajifuta kwa pindo la kitenge cha kuuza. Kitenge kile ikabidi nikivae mwenyewe.

Nikiwa bado natema, nikatazama ziwani. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa imetandaa gizani, kila mmoja na taa zake nyeupe. Mvuvi wa dagaa haendi ziwani mwezi ukiwa mpevu. Anangoja giza, anawasha taa, anakaa kusubiri. Taa ile kazi yake ni kuita. Na mimi nilikuwa nimefunga karabai kwenye Boxer.

Sasa, mwongozo. Kuhusu taa kuwa kali, kuingia maji au kudumu, utasikia kila mahali, na kila muuzaji atakuapia kwa jina la mama yake. Mimi nakuomba usome kitu kimoja kwenye boksi: namba yenye herufi K mwishoni. Ndiyo rangi ya mwanga. Karibu na 3000K ni njano. 4300K ni nyeupe tulivu. 6000K na 6500K ni ule weupe wa bluu unaopendwa na vijana. Wadudu wengi wa usiku macho yao huvutwa zaidi na bluu, na miale mingine ambayo sisi hatuioni kabisa. Njano haiwasisimui sana. Haiwafukuzi, asikudanganye mtu, lakini kupita kando ya ziwa na wadudu kumi si sawa na kupita na kijiji kizima. Mtu wa Dodoma anaweza kupuuza hili. Sisi tunaoishi na ziwa mlangoni hatuwezi, na bado sijakutana na muuzaji mmoja wa Mwanza aliyeniuliza, "Dada, unapita njia ya ziwani usiku?"

Baba yangu alikuwa bwana shamba wa pamba upande wa Magu, na Honda ya kazini yenye taa ya volti 6. Alinikalisha juu ya tangi, mikono yangu ikishika usukani katikati ya mikono yake. Mwanga ulikuwa wa njano kama kiini cha yai la kienyeji, na mama alikuwa akisema baba yenu anakuja na kibatari. Sikumbuki hata siku moja baba ametema mdudu. Ni kweli pia alikuwa anakwenda taratibu mno, mbuzi walikuwa wanatupita. Lakini ugonjwa wangu wa pikipiki ulianzia kwenye tangi lile, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 umezidi: sina tena kisingizio cha foleni ya kivuko, nikitaka Sengerema jioni naenda tu, hata kama sina ninachouza huko.

Ya kwanza kwenye orodha yangu ya kununua, na sitaki ubishi, ni balbu ya halojeni, ile ya waya yenye mwanga wa njano, ya Osram, 12V 35/35W, yaani wati 35 kwa fulu na 35 kwa dimu. Sifichi, Osram naipendelea. Nilitumia moja kwenye Boxer yangu, BM 150, hadi nikasahau lini niliifunga. Philips nayo ni nzuri, ukiikuta chukua, ila mimi nitakwenda maduka mawili zaidi kutafuta Osram. Sababu si mapenzi tu. Reflekta ya taa, lile bakuli la ndani linalong'aa na kurusha mwanga mbele, imechongwa kwa kufuata pale waya wa balbu unapowakia. Ukiweka LED kwenye taa iliyotengenezwa kwa ajili ya halojeni, vidoti vyake mara nyingi havikai mahali pale, mwanga unatawanyika: nusu unapanda machoni pa mwenzako, na barabarani unabaki na mabaka. Kwenye barabara ya Musoma, pale Kisesa, malori yalikuwa yananipigia fulu moja baada ya jingine. Mimi nilikuwa kwenye dimu!

Kuna mambo mawili ya balbu hii. Usiishike kwenye kioo chake kwa vidole, mafuta ya ngozi yanaiua mapema; shika kitako, au tumia kitambaa safi. La pili, usikubali ya 60/55 hata ukiambiwa "hii kubwa zaidi, dada". Ni kubwa kweli. Itakula umeme ambao pikipiki ndogo haina, na joto lake litayeyusha soketi ya plastiki. Halafu utarudi kwa fundi waya, naye atakuuzia soketi.

Na kabla hujanunua balbu yoyote, fungua taa utazame ndani. Kama reflekta imepauka na kuwa ya kijivu, hakuna balbu itakayokusaidia. Nunua taa nzima, hiyo ni namba mbili yangu, na sina zaidi ya kusema juu yake isipokuwa uihakikishe ukutani: jioni, simama kama hatua sita kutoka ukutani, weka dimu. Unataka kuona mwanga umekatika juu, umetulia chini. Ukiona umesambaa mpaka kwenye bati, rudisha siku hiyohiyo.

Namba tatu ni spotilaiti mbili ndogo za njano, zinazofungwa chini kwenye gadi. Hapa ndipo pesa zangu za mwaka huu zimekwenda: sh 60,000 za taa na 15,000 za fundi. Nazipenda kwa sababu ziko chini na zimeinama, zinaonyesha shimo na jiwe bila kumchoma mtu macho. Nyingi huuzwa za rangi mbili, nyeupe na njano, kwa swichi moja. Upande wa njano ndio unaozinunulia. Lakini lazima zipewe waya wake kutoka kwenye betri, fyuzi yake na rilei, ile swichi ya umeme inayobeba mzigo wa taa. Fundi akichomoa waya wa taa kubwa, akausokota kwa meno na kuuzungushia tepu nyeusi, mnyang'anye koleo. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa kubwa hulishwa moja kwa moja na koili inayozalisha umeme injini ikizunguka, haipiti betri. Kujua ya kwako, iwashe, acha injini ingurume taratibu, kisha vuta mafuta: mwanga ukipanda na kushuka pamoja na injini, ndiyo hiyo. Ukiongeza mzigo kwenye waya ule, taa zote zitakuwa vibatari.

Balbu za LED za bei ndogo zenye kifeni nyuma: hapana. Mikanda ya rangi inayopepesa: ni ya harusi.

Sasa niseme la moyoni. Spotilaiti zangu zimeandikwa wati 120 kwenye boksi. Fundi alizipima mbele yangu, mbili pamoja hazikufika wati 30. Nilikwisha kuzipenda kwa hiyo sikuzirudisha, ila kwa nini mtu aandike namba hewa? Nimeona boksi jingine limeandikwa 300. Tukienda hivi mwakani tutauziwa kituo cha umeme kwa elfu 40. Na bei zenyewe zina jinsia. Nilikwenda peke yangu, nikaambiwa 85,000. Akaenda mdogo wangu wa kiume, asiyejua hata gia ya kwanza iko wapi, akaambiwa 60,000. Ukienda na fundi, bei inapanda tena kwa sababu kuna cha juu chake. Mtaji ni kwenda na bei kichwani na kujifanya una haraka.

Ile LED ya 35,000 nilijaribu kuirudisha. Muuzaji akanionyesha risiti, mstari wa chini kabisa: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikakaa nayo kwenye droo hadi wiki moja nilipopita Igombe, nikamkuta kaka mmoja wa mtumbwi anatengeneza nyaya za taa zake. Nikampa kwa 10,000. Akaifunga kwenye betri yake, akaenda nayo gizani.

Juzi kanipigia. Anauliza kama ninayo nyingine.