Meza ya vitabu vya mtumba, Moshi: tamthilia za Ebrahim Hussein

Meza hii ya karibu na stendi ina Kinjeketile (1969), Mashetani (1971) na, kwa nadra, Kwenye Ukingo wa Thim (1988). Ni karibu safari nzima ya mwandishi huyu wa Kilwa, kutoka vita vya Maji Maji mpaka ugomvi wa nani amzike marehemu, mke au ukoo.

Kabla ya kulipa, fungua kitabu katikati. Gundi ya mgongo hukauka kwa jua na vumbi, na kurasa za katikati ndizo hutangulia kuchomoka. Fuata namba za kurasa, usiamini unene. Nakala za kudurufu ni nafuu ila hukatwa pembeni, majina ya wahusika yakakatika. Kikundi kikisoma kwa sauti, watu wanagongana. Kwa Mashetani hasara ni kubwa zaidi. Juma na Kitaru wanaigiza mchezo ndani ya mchezo, mmoja Shetani, mwingine Binadamu, na bila maelekezo ya jukwaani unapotea.

Angalia pia usiuziwe mwongozo wa mtihani badala ya tamthilia yenyewe. Majalada yanafanana sana.

Ukiwa na hela ya kimoja tu, chukua Kinjeketile. Pale Kinjeketile, akiwa mfungwa, anapokataa kutamka kwamba maji ya kuwakinga wapiganaji na risasi yalikuwa uongo, siasa na imani zinabanana katika kinywa kimoja. Hakuna muhtasari unaoweza kukupa hilo.

Nenda asubuhi, vitabu vikiwa havijachambuliwa. Shule zikifunguliwa, bei hupanda.