Siku ya Utamaduni au Somo la Kila Siku?

Shule nyingi huchagua njia nyepesi ya kuwafundisha watoto tamaduni mbalimbali: siku moja kwa mwaka ya mavazi, ngoma na vyakula. Watoto hufurahi, wazazi hupiga picha, kesho yake vitabu ni vilevile.

Njia ya pili huingiza tamaduni ndani ya masomo yenyewe. Mwalimu wa hisabati akieleza kwamba tarakimu 0 hadi 9 zilianzia India, zikapitia kwa wanazuoni wa Kiarabu kabla ya kuenea Ulaya, mwanafunzi haoni tena elimu kuwa mali ya watu wa upande mmoja. Historia nayo: vita visimuliwe na mshindi na aliyeshindwa, kisha darasa libishane. Kazi hiyo humchosha mwalimu, tena mitihani mara nyingi haimsaidii. Hata hivyo, muda ukitosha kwa moja tu, ningeiacha sherehe.